Tanuri Lililofunguliwa Mapema

Mama Penina alikuwa ameyapanga maneno yake tangu anatoka Kamachumu asubuhi. Yalikuwa maneno machache, na yote yalikuwa ya adabu.

"Binti yangu, sina ugomvi na wewe," ndivyo angeanza. "Ila Buberwa ni mtoto wangu wa pekee. Baba yake alituachia kibanja cha migomba na kahawa, na kibanja hakikai bila mwanamke. Wewe umeshaolewa na udongo wako huku mjini. Niachie mwanangu, tubaki tunasalimiana."

Halafu angemshika mkono, angeaga, na angepanda gari la kurudi kabla mvua haijaanza. Hakuwa mwanamke wa kelele. Alikuwa mzee wa usharika, aliyeitwa kwa jina lake mwenyewe la ubatizo, Penina, mjane aliyemlea mtoto wake peke yake. Watu wa Kamachumu walimjua kwa jambo moja zaidi: akimkuta mbuzi wa jirani amejizungusha kamba miguuni, hapiti bila kumfungua, hata kama amevaa nguo za kanisani.

Aliposhuka Buhembe, pembezoni mwa mji, alimuuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika maharage.

"Unamtaka Edvina? Yule anayechezea udongo? Teremka na njia hiyo, utaona ukuta una vigae vya rangi rangi. Ndiyo hapo."

Anayechezea udongo. Mama Penina aliyapenda maneno yale. Kumbe hata majirani walijua kwamba ni mchezo.

Alipiga hodi mlangoni, kimya. Akazunguka nyuma ya nyumba, akakuta banda lisilo na kuta. Ndani yake kulikuwa na gurudumu la kufinyangia lililotengenezwa kwa chuma cha gari, na chini yake pedali ya mguu. Mbao za rafu zilikuwa zimejaa vyombo vibichi vilivyofunikwa kwa magunia mabichi. Kikombe kimoja kilikuwa wazi. Kilikuwa na mistari kama ya shina la mgomba, kipana chini na chembamba juu, na mdomo wake umejikunja kidogo kama jani changa linapofunguka. Mama Penina alikitazama, akakaza uso, akaondoa macho.

Hapo ndipo aliponusa moshi.

Nyuma ya banda, chini ya migomba, kulikuwa na kichuguu cha matofali na udongo, juu kimefunikwa kwa bati, mdomo wake umezibwa kwa matofali na kusiribwa. Aliweka mkono karibu, akaurudisha haraka. Joto!

"Waitu wee!" alisema. "Ndizi za watu."

Kwa maana Mama Penina tangu alipoolewa alikuwa anavumbika ndizi za kukamua. Mlutheri wa kweli hatengenezi rubisi, ile pombe ya ndizi, lakini maji ya ndizi hayana dhambi, na yakikaa mpaka kesho yake, hilo ni shauri la ndizi zenyewe. Alijua shimo la kuvumbikia linavyotakiwa kuwa: vuguvugu, kama kifua cha mtoto aliyelala. Likishakuwa la moto hivi, ndizi zinapikwa badala ya kuiva, na kazi yote ya mwenyewe inamwagwa. Dawa yake ni moja tu. Unafungua, unatoa joto, unawahi.

Alitazama huku na huku, hakuna mtu. Alikuja kumkatalia huyu binti, ni kweli. Lakini kumkatalia mtu ni jambo moja, na kuziacha ndizi zake ziharibike ni jambo lingine. Alikunja mikono ya gauni, akakata jani la mgomba, akalikunja mara kadhaa kushikia matofali, akaanza kubomoa.

Edvina alikuwa amekwenda rweya, kwenye uwanda wa nyasi, kukata nyasi za kufungia vyombo vyake kwa safari ya Jumapili. Alirudi na mzigo kichwani, mrefu, kilemba kimelegea, aproni imekauka udongo. Alikuwa anaimba kimoyomoyo. Alipofika kwenye kona ya nyumba aliisikia ile sauti.

Ti. Ti. Kimya. Ti-ti.

Mzigo ulianguka. Alikimbia hadi kwenye banda, kisha miguu ikasimama yenyewe. Mbele ya tanuri alisimama mama mzee, masizi mpaka kwenye viwiko, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande. Uso wake ulikuwa umejaa furaha ya mtu aliyefanya jambo jema.

"Nimekuwahi, mwanangu! Zilikuwa zinaungua kabisa. Ila ndizi zenyewe sizioni. Umeweka vikombe juu yake?"

Upepo wa ziwani ulikuwa unaingia moja kwa moja tanurini. Ti, likasema tanuri. Macho ya Edvina yalijaa, akageuza uso kuelekea kwenye migomba mpaka yakatulia. Kisha akamgeukia mgeni, akapiga magoti kama alivyofundishwa, akanyoosha mikono kumsalimu.

"Wasibota, mae."

"Wasibota, mwanangu. Mbona unalia?"

"Silii, mama. Hamna ndizi humo. Ni vyombo tu."

"Vyombo gani vinavumbikwa?"

"Havivumbikwi, vinachomwa. Nilivichoma jana. Sasa vinatakiwa vipoe humo humo, polepole, mpaka kesho. Vikipigwa na upepo vikiwa bado vya moto..."

Ti.

Mama Penina alielewa. Alilitazama jani la mgomba mkononi mwake kana kwamba lilikuwa la mtu mwingine.

"Ndiyo hiyo sauti?"

"Ndiyo hiyo."

"Turudishie matofali basi! Unasubiri nini? Simama, acha kunipigia magoti!"

Edvina alivuta kwa fimbo vile vilivyokwisha kupasuka karibu na mlango, kisha wakapanga matofali, na Mama Penina akakandika udongo kwenye nyufa kwa haraka ya mtu aliyezoea kusiriba nyumba. Vya nyuma huenda vilikuwa vimepona. Hilo lingejulikana kesho. Vya mbele vilikuwa chini, kwenye nyasi.

Mama Penina aliviinamia. Palikuwa na birika lenye umbo la kibuyu, limechanika kutoka mdomoni hadi tumboni. Palikuwa na vikombe vya umbo lile la shina la mgomba. Na palikuwa na chombo kidogo cha kuwekea kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni anapoingia nyumbani. Mfuniko wake ulikuwa na kishikio kama tunda la mbuni pamoja na majani yake mawili. Mfuniko ulikuwa mzima. Chombo chenyewe kilikuwa vipande.

"Hivi vilikuwa vya nani?" aliuliza.

"Vya mama mmoja. Sijamwona bado. Jumapili ndiyo nilikuwa niende kumsalimia."

Mama Penina aliuinua ule mfuniko, akaurudisha nyasini polepole. Alikaa juu ya gogo la kuni.

Edvina aliingia ndani, akarudi na beseni la maji na sabuni. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mama Penina aliliona hilo. Binti ambaye kazi yake imeharibiwa sasa hivi alikuwa ametia maji ya moto kidogo kwenye ya baridi, ili mgeni asiumie. Na aliona vilevile jinsi alivyogeuza uso kule kwenye migomba alipotaka kulia. Hakugeuza kwa aibu yake. Alimfichia mgeni aibu.

"Umeungua kidole, mama."

"Kidogo tu."

"Lete."

Alikata jani la alovera lililokuwa kwenye kopo, akaminya utomvu, akampaka kwa ncha ya kidole chake. Mikono yake ilikuwa mikavu, kucha fupi, lakini ilishika kama ya mtu anayeshika kifaranga.

"Umetokea wapi, mama? Samahani, hata sijakuuliza."

"Upande wa Muleba huko. Nilikuwa napita."

Lilikuwa jibu la kweli, maana Kamachumu iko upande huo, na halikuwa la kweli.

Edvina alivuta kinu, akatia vigae, akaanza kutwanga.

"Na sasa unafanya nini? Hata kuvitupa unavitwanga kwanza?"

"Havitupwi. Bibi yangu kule Ijumbi ndiye aliyenifundisha. Vilivyovunjika tunavisaga, tunachanganya na udongo mpya. Udongo mtupu unapasuka motoni, ila ukiwa na unga wa vigae unastahimili. Yeye alikuwa anafinyanga kwa mkono tu, anazungusha udongo kama nyoka, anapandisha. Gurudumu nimejifunza ukubwani."

"Nipe mchi."

"Kidole chako, mama."

"Kidole ni kimoja. Ninavyo vingine."

Wakatwanga kwa zamu. Mvua ilitishia, ikaghairi. Mama Penina alijua angepaswa kuondoka, au angepaswa kusema, lakini alibaki pale, mchi ukipanda na kushuka, na ulimi ukamtangulia.

"Huyo mama unayemwendea ni mkali?"

Edvina alicheka kidogo. "Mwanawe anasema si mkali, anasema ananyamaza. Mimi naogopa zaidi wanaonyamaza. Mkali utajua amefika wapi."

"Na wewe ni Mkatoliki. Nimeona rozari yako mlangoni."

"Naye ni Mlutheri. Hilo litazungumzwa, padri yupo, mchungaji yupo. Silo linalonikosesha usingizi."

"Ni lipi?"

"Ni huu." Alionyesha mikono yake. "Nimesikia anataka mkwe wa kukaa kwenye kibanja. Mimi kibanja sikiogopi, mama. Nimeanza kupogoa migomba kabla sijaota meno ya ukubwani. Ila akiniambia niache kufinyanga, nitapiga magoti, nitamwambia hapana kwa heshima zote, nitarudi huku. Na mwanawe ameniambia waziwazi kwamba haoi bila baraka ya mama yake. Kwa hiyo Jumapili naweza kwenda na mchumba nikarudi sina."

"Utaweza?"

"Sijui kama nitaweza."

Mchi ulisimama. Edvina alitazama lile gurudumu la chuma bandani.

"Lile alinitengenezea yeye. Ni fundi wa kuchomelea, ana karakana yake huku mjini. Nilimpelekea kazi kama mteja mwingine yeyote. Alipolileta, likawa linapiga kelele kidogo, kri, kri. Nikasema haidhuru. Kesho yake akarudi. Akalala chini kwenye matope na shati lake jeupe, akalisikiliza. Nikamwambia, fundi, utachafuka. Akasema, 'Wewe unafanya kazi kwa utulivu. Kelele itakusumbua.' Hakuna mtu aliyewahi kuona kwamba ninafanya kazi kwa utulivu, mama. Waliona matope tu. Tangu siku ile nikisikia pikipiki yake inapanda huku, udongo unanitoka katikati ya gurudumu, hata mkono ukiwa imara. Najiona mjinga. Usiku nikilala..."

"Nyamaza, mwanangu."

Edvina alishtuka.

"Nyamaza kwanza. Usiniambie tena. Unaniibisha moyo wako na hujui." Mama Penina aliuweka mchi chini, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Mimi ndiye Mama Buberwa."

Kuku alipita kati yao, akadonoa unga wa vigae, akauacha.

Edvina alisimama. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo ya banda.

"Ulikuja kunipima?"

"Sikuja kukupima. Ningekuja kukupima ningekuja na heshima zaidi. Nilikuja kukuambia umwache."

"Basi nimeshakujibu, mama. Umelisikia jibu langu kabla hujauliza."

"Nimelisikia."

Wakati huo pikipiki ilisikika ikipanda. Edvina alifumba macho kama mtu aliyechomwa na mwiba. Buberwa alitokea kwenye kona ya nyumba, mpana wa mabega, miwani ya kuchomelea bado iko juu ya paji la uso. Alimwona mama yake mwenye masizi. Aliona kinu. Aliona, juu ya nyasi, mfuniko wenye tunda la mbuni, na hapo uso wake ukabadilika, kwa kuwa alikuwepo siku ulipofinyangwa.

"Mae! Umefuata nini huku?"

"Shikamoo hamna?"

"Shikamoo. Umefuata nini huku?"

"Nimefuata nilichofuata."

Buberwa alimgeukia Edvina. Alimtazama kwa macho yale yale ya siku zote, yanayouliza kabla ya mdomo. Edvina alitazama chini. Kama angeinua uso angekwenda kwake, na hakutaka kwenda kwa mtu ambaye huenda si wake tena.

"Nani amefungua tanuri?" Buberwa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Upepo," alisema Edvina.

"Edvina."

"Nimesema upepo."

"Ni mimi," alisema Mama Penina. "Asinifichie. Nilidhani ni ndizi."

Buberwa aliangalia tanuri, akamwangalia mama yake, na licha ya yote mdomo wake ukacheza. "Ndizi, Mae?"

"Cheka ukitaka. Wewe ungelelewa na nini kama si ndizi?"

Lakini hakucheka. Alichuchumaa mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili, akakiona kidole kilichopakwa dawa.

"Mae, nisikilize. Nilisema sitaoa bila baraka yako, na sitarudi nyuma. Ila na wewe ujue ninachoomba. Kibanja nitakilima mwenyewe, nitakuja kila wiki. Sikuletei kibarua. Nakuletea mke wangu. Kama unataka kibarua, niambie nitafute kibarua."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi kaa pale kwenye gogo. Wanawake walikuwa wanaongea."

Buberwa alikaa. Mama Penina aliinuka polepole, akaenda hadi kwenye nguzo aliposimama Edvina. Maneno aliyoyapanga Kamachumu hakuyaona tena kichwani, hata moja.

"Edvina." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile bila kukaza meno. "Nimekuharibia kazi yako. Naomba unisamehe. Simwombi mkwe wala simwombi mtoto, namwomba mwenye vyombo."

"Nimeshakusamehe, mama. Nilikusamehe ulipokuwa bado mpita njia."

"Nimeona. Ndilo linaloniuma." Akavuta pumzi. "Kitu kile cha moto, kinahitaji nafasi kiasi gani?"

"Kitu gani?"

"Hilo tanuri lako. Linataka nafasi gani? Kwa sababu nyuma ya nyumba yangu upande wa mibuni sitaki. Moshi utaniharibia kahawa."

Edvina aliinua uso. Buberwa alitaka kusimama kwenye gogo, mama yake akamnyooshea kidole chenye dawa bila hata kumtazama, akakaa tena.

"Halichukui nafasi kubwa, mama," alisema Edvina. "Ila haliwekwi bondeni. Unyevu unapanda."

"Nani amekuambia nitakuweka bondeni? Kuna pale juu, karibu na mparachichi."

"Pana upepo?"

"Upepo ni wa Mungu, upo kila mahali."

"Basi hapana, mama. Nataka mahali penye kinga. Na karibu na maji."

"Ee! Hata hujafika Kamachumu, unanipinga."

"Nilisema nitapinga kwa heshima."

Mama Penina alicheka. Alicheka kicheko kifupi, cha kushtukiza, na Buberwa hakukumbuka ni lini alikisikia mara ya mwisho.

"Mae," alisema, "maana yake ni kwamba—"

"Sijasema kitu. La kanisa bado, tena lina safari yake. Nimeuliza tanuri linakaa wapi. Mtu hawezi kuuliza?"

Lakini Edvina alikuwa amemtazama Buberwa, hatimaye, na Buberwa amemtazama, na kati yao lilipita jambo ambalo mama mtu mzima hujifanya hajaliona. Mama Penina alijifanya hajaliona. Alirekebisha kitambaa chake cha kichwa kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Kisha Edvina alichuchumaa, akaokota kigae, akaanza kuchora kwenye vumbi.

"Buberwa alishanieleza kidogo. Nyumba iko hapa, sivyo? Na mibuni hapa. Kisima hiki hapa."

"Huyo alikueleza nini? Nyumba haiko hapo." Mama Penina alichuchumaa kando yake, magoti yakilia. Alikitoa kigae mkononi mwa Edvina, akafuta nyumba kwa kiganja, akaichora upya mahali pake. Akachora migomba, akachora kisima, akachora zizi. Alifikiri kidogo. Halafu, nyuma ya zizi, mahali penye kinga, akachora duara dogo.

Akaurudisha mkono hadi kwenye mlango wa nyumba yake, na kutoka pale akavuta mstari polepole, bila kuinua kigae, mpaka kwenye lile duara.

"Njia itapita hapa," alisema.